Si kila mvinyo hunoga kwa kuzeeka

Kuna sifa ambayo watangazaji wetu wamezoea kuwapa waimbaji na wanasoka waliokula chumvi nyingi: huyu ni kama mvinyo, kadiri anavyokaa ndivyo anavyonoga. Laiti mmoja wao angekuwa mezani pamoja nasi Ijumaa ile jijini Cape Town, akaonja chupa ya pili tuliyoifungua, angemtafutia mchezaji wake sifa nyingine. Ilikuwa chupa ya mwaka 1986, lebo safi, jina la shamba linaloheshimika. Kizibo kilipotoka kikaja na harufu ya boksi la karatasi lililolala mvuani. Mwenyeji wetu aliinusa bilauri yake mara mbili, akaitua bila kuonja. Mhasibu wa Lubumbashi aliyekaa kushoto kwangu, mtu asiye na subira ya kupamba maneno, akatoa hukumu kwa Kiswahili cha kwao: "Bandugu, hii inaisha kufa."

Kweli ilikuwa imekufa, na wala si kwa uzee. Harufu ile huletwa na kemikali iitwayo TCA, ambayo huzaliwa pale ukungu unaoishi kwenye gome la kutengenezea vizibo unapokutana na kemikali zenye klorini. Haimdhuru mnywaji, lakini kiasi chake kidogo mno kinatosha kuzima ladha yote ya matunda iliyomo kwenye mvinyo. Maana yake ni kwamba chupa ile huenda ilianza kuharibika siku ileile ilipozibwa. Ikalazwa kwa heshima zaidi ya miaka thelathini, ikahamishwa nyumba, mwenyewe akafa, warithi wakaipeleka mnadani, mwenyeji wetu akaigombea na watu, yote kwa ajili ya kinywaji kilichoishia kwenye sinki la jikoni.

Hilo ndilo ambalo sifa ya watangazaji huliruka. Sehemu kubwa kabisa ya mvinyo unaotengenezwa duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache tangu uingie chupani. Unaofaidika kwa kulala miaka kumi ni mchache. Unaofika thelathini ukiwa bado na la kusema ni mchache zaidi, na hata huo unategemea kizibo, joto la chumba na bahati. Msomaji asiyetumia kilevi anaweza kuyasoma haya kama habari za kilimo na kemia, maana ndivyo yalivyo.

Mezani tulikuwa sita. Mwenyeji ni Mtanzania mwenzangu aliyekwenda Cape Town kikazi, akaoa na kutulia huko. Mkewe, shemeji yangu, ni mzaliwa wa Paarl, na Kiswahili chake cha kujifunzia ukubwani kinawashinda wengi waliozaliwa nacho kwa ukali wa masihara. Kulikuwa na muuguzi kutoka Kisumu, yule mhasibu wa Lubumbashi, na mzee mmoja jirani, mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la mvinyo huko Stellenbosch. Mzee huyo Kiswahili hakijui, kwa hiyo alipozungumza tulihamia Kiingereza, na alipotoka kwenda kuvuta sigara tulirudi kwetu tukamsengenya kidogo, kwa wema.

Chupa zilitoka kwenye boksi moja lililonunuliwa mnadani, mali ya marehemu ambaye watoto wake hawakuwa na haja nalo. Ndivyo mvinyo mwingi wa zamani unavyopatikana Cape. Chupa ya Bordeaux ya umri huo, ikiwa imetoka shamba lenye jina, ingemla mtu mshahara. Ya Cape bado inafikiwa na mtu aliyejibana kidogo, kwa sababu dunia ilichelewa kuijua. Wakati wa ubaguzi wa rangi nchi nyingi zilisusia bidhaa za Afrika Kusini, na soko la ndani lilishikwa na KWV, ushirika ulioanzishwa mwaka 1918, ambao kwa miongo kadhaa ulipanga mpaka kiasi cha zabibu ambacho mkulima aruhusiwe kuzalisha. Mgawo huo ulifutwa mwaka 1992 tu.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa mpangilio. Mwenyeji alitaka tuanze na mvinyo mchanga, tuupandie uzee ngazi kwa ngazi. Mzee jirani akakataa: mvinyo mkongwe una sauti ndogo, alisema, ukitanguliwa na kijana hausikiki tena. Wote wawili wana wafuasi duniani. Nyumba ni ya mwenyeji, tukaanza na mchanga. Ubishi wa pili ulikuwa wa pilipili. Shemeji alikuwa amepika nyama ya kondoo kwa nyanya kwa moto mdogo tangu mchana, chakula cha kwao Cape, na muuguzi akasukuma chapati za kulia. Pilipili ilipigwa marufuku, kwa kuwa ulimi uliowashwa hausikii tofauti ya mvinyo wa 1995 na juisi. Mhasibu akachomoa kichupa chake mfukoni mwa koti. Hakunyang'anywa, ila aliambiwa maoni yake baada ya hapo hayatahesabiwa.

Chupa ya kwanza, basi, ilikuwa Pinotage ya Kanonkop ya mwaka 2009. Kanonkop ni shamba lililo chini ya mlima Simonsberg, karibu na Stellenbosch, na jina lake limetokana na kilima ambapo zamani mzinga ulipigwa kuwajulisha wakulima kwamba meli zimeingia ghuba ya Table Bay, wapakie mboga na mvinyo wakauze. Pinotage yenyewe ni zabibu iliyozaliwa Afrika, na kuzaliwa kwake nusura kuishie jalalani. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, zabibu ambayo siku hizo pale Cape iliitwa Hermitage. Akapata mbegu nne, akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyopewa na chuo. Miaka miwili baadaye akahamia KWV, na bustani ikageuka kichaka. Chuo kikatuma watu kufyeka. Mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alikuwa akipita na baiskeli, akakumbuka ile miche, akaiokoa. Mwaka 1959 Pinotage ya shamba la Bellevue ikashinda kwenye maonyesho ya mvinyo mchanga ya Cape, na mwaka 1961 jina Pinotage likaonekana kwenye lebo kwa mara ya kwanza, chini ya nembo ya Lanzerac.

Mwaka 2009 unahesabiwa miongoni mwa miaka bora ya mavuno ya Cape katika karne hii, na bilauri zilithibitisha. Rangi bado nzito, pembeni ikianza kuelekea wekundu wa tofali. Kwenye pua zambarau zilizoiva mno, halafu moshi, halafu kitu cha karafuu. Muuguzi alifumba macho akasema anasikia tumbaku ya babu yake. Hakuna aliyembishia, mvinyo wa namna hii kila mtu huusomea kwenye kumbukumbu zake. Nilichokigundua mimi ni ukakasi. Pinotage changa hukausha mdomo kama bibo lisiloiva, na wengi huiacha kwa sababu hiyo. Hii ilikuwa na ukakasi uliobaki kidogo tu, wa kuupa mvinyo uti wa mgongo.

Ukakasi huo ndio siri ya mambo yote haya. Unaletwa na tanini, zinazotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na kwa sehemu kwenye mapipa ya mbao za mwaloni. Rangi nayo hutoka kwenye maganda. Ndani ya chupa tanini na chembe za rangi hushikana taratibu, zikawa minyororo mirefu, mwisho zikawa nzito kiasi cha kushindwa kuelea na kushuka chini kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mwekundu hupauka unapozeeka, na ndiyo maana hulainika. Wakati huohuo harufu za tunda bichi hupotea na mahali pake huja nyingine: tende, ngozi, majani makavu, uyoga. Mvinyo ambao ulianza maisha bila tanini za kutosha wala uchachu wa kutosha hauna cha kubadilisha. Hupoteza tunda lake na haupati kitu badala yake. Huo ndio mvinyo mwingi wa madukani, na si kosa lake. Haukuahidi kitu kingine.

Baada ya msiba wa chupa ya pili tukafika kwenye Meerlust Rubicon ya 1995. Meerlust iko mikononi mwa ukoo wa Myburgh tangu katikati ya karne ya 18. Rubicon ni mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc, zabibu zilezile za Bordeaux, na ya kwanza ni ya mavuno ya 1980, kazi ya Nico Myburgh na mtengenezaji wake wa mvinyo kutoka Italia, Giorgio Dalla Cia. Nawaheshimu kwa jambo moja: mwaka ukiwa mbaya hawaitoi. Mavuno ya 2002 na 2011 hayakubeba jina hilo. Mvinyo wake uliuzwa kwa lebo ya chini, Meerlust Red. Ni wafanyabiashara wachache wanaoweza kujinyima hivyo.

Hiyo ya 1995 ilihitaji saa nzima kwenye jagi la kioo kabla ya kusema kitu. Ilipofunguka ikatoa majani ya chai, ukwaju, na kitu cha chuma ambacho mwenyeji alikiita damu na shemeji akakiita sufuria. Mezani pakawa kimya kidogo. Kisha mhasibu, ambaye hatukupaswa kumhesabia maoni, akauliza swali ambalo lilitukalisha hadi karibu usiku wa manane: "Na kama hii ingekuwa ya Ufaransa, mungeisifu zaidi?"

Swali hilo lina historia. Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo Paris, aliwakalisha waonjaji tisa Wafaransa, watu wakubwa wa fani hiyo, akawapa mvinyo wa Bordeaux na wa California bila kuwaonyesha lebo. Upande wa mvinyo mwekundu, Stag's Leap ya 1973 kutoka Napa ikaziacha nyuma Mouton Rothschild na Haut-Brion za 1970. Wafaransa wakajitetea kwamba hizo zilikuwa mbio fupi: subirini miaka, mvinyo wa California utachoka na wetu ndio utaanza kuchanua. Utetezi wenye mantiki, na wenye faida ya kutoweza kupimwa siku hiyo. Miaka thelathini baadaye, tarehe ileile ya Mei 2006, mvinyo mwekundu uleule ukaonjwa tena London na Napa kwa pamoja. Ya kwanza ikawa Ridge Monte Bello ya 1971, ya California, na nafasi zote tano za juu zikachukuliwa na mvinyo wa California.

Mwenyeji alipomaliza kusimulia hayo mhasibu akapiga meza kwa furaha. Mimi nilisema, na ninalirudia hapa, kwamba kisa hicho hakithibitishi kuwa Ufaransa haina lolote. Kinathibitisha kwamba lebo inaonja kabla ya ulimi. Nani mezani pale angethubutu kuiita Rubicon sufuria kama kwenye chupa pangeandikwa Château Lafite?

Wapo waliotajirika kwa udhaifu huo. Rudy Kurniawan, kijana mzaliwa wa Indonesia aliyeishi California, aliwauzia matajiri wa Marekani mvinyo wa kale aliouchanganya nyumbani kwake. Kilichoanza kumfichua ni mnada wa New York wa mwaka 2008, zilipoletwa chupa za Clos Saint-Denis ya Domaine Ponsot za kuanzia 1945, ilhali familia ya Ponsot ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya themanini. Laurent Ponsot mwenyewe alipanda ndege kwenda kuzizuia. Kurniawan alikamatwa 2012, nyumba yake ikakutwa na rundo la lebo na vizibo, na 2014 akahukumiwa miaka kumi jela. Kinachochekesha ni kwamba wanunuzi wake walikuwa wajuzi, au walijiita hivyo, na wengi walikuwa wameshazifungua chupa hizo na kuzisifu.

Chupa ya nne ndiyo tuliyoiendea kwa adabu zaidi, ingawa kwa asili ni mvinyo wa watu wa kawaida. Ni Chateau Libertas ya miaka ya sabini; unyevu ulikuwa umekula lebo na tarakimu ya mwisho ya mwaka haikusomeka. Libertas ilianza kutengenezwa mwaka 1932 na kampuni ya Stellenbosch Farmers' Winery, na haikuwahi kuwa mvinyo wa majumba ya kifahari. Ni ya mlo wa Jumapili, ya bei nafuu. Lakini chupa zake za zamani, ile ya 1940 ikiwa na jina kuliko zote, zimewashangaza wajuzi kwa jinsi zilivyodumu.

Mwenyeji alikuwa ameisimamisha wima tangu Jumatano ili mashapo yakae chini. Kazi ya kuifungua alipewa mzee jirani, na hapo ndipo tulipoona mtu wa fani. Alikata karatasi ya risasi kwa kisu chini kabisa ya mdomo wa chupa, akafuta ukungu mweusi uliokuwa juu ya kizibo kwa kitambaa chenye maji. Kizibuo cha kawaida, chenye msumari wa kujipinda, hakukigusa. Kingelisaga lile gome kuukuu likawa unga. Akatoa kingine mfukoni, cha ncha mbili nyembamba za chuma, moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Akaziingiza pembeni mwa kizibo, katikati ya gome na kioo, akizitikisa kushoto na kulia hadi zikazama, kisha akaanza kuzungusha huku akivuta, polepole, chupa ikiwa imetulia katikati ya magoti yake. Kizibo kikatoka kizima. Nusu yake ilikuwa nyeusi na laini kiasi kwamba ukikibonyeza kinatoa maji.

Akaomba mtu amulike kwa simu. Muuguzi akashika tochi chini ya shingo ya chupa, na mzee akamimina kwenye jagi kwa mkono mmoja usiotetemeka, mkondo mwembamba, bila kusimama hata mara moja, maana ukisimama mvinyo hurudi nyuma na kuyatibua mashapo. Kioo cha kijani kilionyesha mwanga ukipita ndani ya rangi ya chai ya rangi. Halafu uzi mweusi ukatokea begani mwa chupa, ukaanza kupanda kuelekea shingoni. Ulipofika tu, mzee akainua chupa. Kilichobaki chini kilikuwa matope ya vidole viwili.

Ilikuwa hai. Sitaki kuipamba zaidi ya ilivyokuwa: ilikuwa nyembamba, na baada ya dakika arobaini hivi ndani ya bilauri ilianza kuchoka. Lakini katika dakika hizo ilikuwa na ganda la chungwa lililokauka, tumbaku, na uchachu safi uliofanya mate yatoke. Nikamuuliza mzee kwa nini mvinyo wa bei ya chini uliishi hivyo wakati wenzake wenye majina wamekufa. Jibu lake lilinifurahisha kuliko mvinyo. Siku zile, alisema, mizabibu mingi ya Cape ilikuwa na virusi vya kukunja majani. Zabibu hazikupandisha sukari vizuri, kwa hiyo mvinyo ulitoka na kilevi cha kiasi cha asilimia 12 na uchachu mwingi. Siku hizi wengi hupita 14. Uchachu ule ambao wakati huo uliwakera wanywaji ndio ulioutunza. Akaongeza kwamba hadi leo watalii hufika Stellenbosch wakati wa vuli na kupiga picha za majani mekundu shambani, wasijue wanapiga picha za ugonjwa.

Shemeji alikuwa kimya kwa muda. Alipoonja, hakusema lolote kuhusu chungwa wala tumbaku. "Shemeji," aliniambia, "kizazi cha babu yangu ndicho kilichokata zabibu hizi. Wao walipewa ule usiotiwa kizibo."

Alikuwa akizungumzia mfumo wa dop. Kwenye mashamba ya Cape wafanyakazi, wengi wao Makaladi kama ukoo wake, walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo hafifu, wakipimiwa kwenye kopo la bati mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Sheria iliukataza mfumo huo miaka ya 1960, lakini mashamba mengi yaliendelea nao kwa miongo. Matokeo yake bado yapo hospitalini na shuleni: jimbo la Western Cape ni miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto waliodhurika na pombe tumboni mwa mama. Babu yake mwenyewe alikuwa mkata matawi stadi, na kwa maelezo ya shemeji hakuwahi kumaliza siku akiwa mzima wa akili tangu alipoanza kazi akiwa kijana hadi alipostaafu.

Na mfumo huo nao una baba yake. Jan van Riebeeck, kamanda wa kwanza wa Waholanzi wa Cape, aliandika kwenye shajara kwamba mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Mwaka mmoja kabla, 1658, watumwa walikuwa wameshashushwa pale na meli. Mashamba yale yenye nyumba nyeupe na paa zenye nakshi, ambayo leo yako kwenye kadi za posta, yalijengwa na kulimwa na watumwa kutoka Msumbiji, Bukini, India na visiwa vya Indonesia, hadi utumwa ulipofutwa 1834 na watu kuachiwa kweli 1838. Pwani yetu haikusalimika: kati ya 1776 na 1778 Waholanzi wa Cape walitia nanga kwenye pwani ya Waswahili kununua watu, na shajara za safari hizo zimehifadhiwa na kuchapishwa. Mtu akikuambia mvinyo wa kale una historia ndani yake, mwulize ni historia ya nani.

Shemeji hakuyasema hayo kutuharibia jioni. Aliongeza mvinyo kwenye bilauri yake, akamwuliza mzee kama kwenye ghala lao wafanyakazi walipewa. Mzee akajibu bila kukwepa kwamba walipewa, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kushika ufunguo wa pipa. Wakazungumza wawili hao kwa Kiafrikana muda mrefu, na sisi wengine tukala.

Mwisho kabisa mwenyeji akaleta chupa ambayo haikuwa kwenye orodha: mvinyo mwekundu wa Dodoma aliouleta kutoka nyumbani miaka kadhaa iliyopita na kuusahau. Lebo haikuwa na mwaka wa mavuno, na hilo lina sababu nzuri. Dodoma haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima akikata matawi kwa mpangilio huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzee jirani alipoelezwa hivyo hakuamini mpaka alipoonyeshwa kwenye simu; maisha yake yote ameishi kwa kuhesabu mavuno mamoja. Tukaonja. Ladha ya matunda ilikuwa imekwenda zake, kukabaki utamu na joto la kilevi. Nimeunywa mvinyo wa Dodoma ukiwa mpya, mjini Dodoma kwenyewe, pamoja na nyama choma, na nausifu bila aibu. Lakini ni mvinyo wa kunywa, si wa kulaza, na mwenyeji aliukosea kwa kuuweka.

Tulipopiga kura, wanne kati yetu walichagua Pinotage ya 2009, ambayo ndiyo iliyokuwa changa kuliko zote za boksi lile. Mzee alibaki na Libertas. Shemeji alikataa kupiga kura. Nami nilikuwa miongoni mwa wale wanne: kwa ulimi wangu, mvinyo mwekundu mzuri hufika kileleni kati ya miaka minane na ishirini, na baada ya hapo unanunua umri zaidi kuliko ladha.

Sasa nakugeukia wewe msomaji wa Dar, Mombasa au Bujumbura. Ghala zinazolea mvinyo miaka thelathini huwa na joto la nyuzi 12 hadi 14, giza na unyevu, na chupa hulazwa ili kizibo kisikauke. Sebule yako hufika nyuzi 30, na kwa joto hilo mabadiliko ya chupani hukimbia badala ya kutembea. Mvinyo hauzeeki, unapikwa. Kama una chupa nyekundu kwenye kabati la vioo, uliyopewa kwenye harusi au kuletewa na mgeni, na unaitunzia siku kubwa, siku hiyo ni wikiendi hii. Iweke kwenye friji nusu saa, waite majirani wawili watatu, pika kitu kisicho na pilipili nyingi, muifungue. Na kama mtakuta imeshapoteza ladha, imiminieni nyama jikoni, na inayofuata msiiweke.